Wafu Wasio na Nyumba: Kuwakumbuka Marehemu katika Vietnam na Bugoyi

Utangulizi

Nengo iko kando ya Ziwa Kivu, katika upande wa Gisenyi ulio karibu na mpaka wa Goma. Mtu akisimama hapa, akalipa ziwa mgongo na kutazama kaskazini, anauona mlima wa Nyiragongo wenye urefu wa mita 3,470. Kwetu sisi wa leo mlima huo ni habari ya hatari. Ulilipuka mwaka 1977, ukalipuka tena Januari 2002, kisha Mei 2021, na mara hiyo ya mwisho matetemeko yalipasua nyumba na barabara mjini kwetu. Kwa wahenga wa Bugoyi, ambalo ndilo jina la kale la eneo hili, mlima huo ulikuwa pia sehemu ya ahera. Waliojiunga na kubandwa, yaani ibada ya shujaa Ryangombe na wenzake walioitwa imandwa, walitarajia kwenda kukaa naye kwenye mlima Karisimbi baada ya kufa, wakinywa pombe na kufurahi. Wasiojiunga walisemekana kutupwa katika moto wa Nyiragongo. Iwe raha au adhabu, kila aliyekufa alikuwa na mahali pake.

Insha hii inauliza swali moja: inakuwaje pale wafu wanapokosa mahali? Nitalijibu kwa kulinganisha Bugoyi na Vietnam, nchi iliyo mbali nasi lakini iliyopitia maswali yanayofanana na yetu. Katika nchi zote mbili, kumkumbuka marehemu kulikuwa kwanza kazi ya familia ndani ya nyumba yake. Katika nchi zote mbili kanisa la kigeni lililaumu desturi hiyo, kisha serikali ikaja na namna yake ya kuheshimu wafu. Na katika nchi zote mbili vifo vya halaiki viliacha marehemu wengi wasio na jamaa wa kuwakumbuka. Hoja yangu ni kwamba desturi hizi hazikuokolewa na kanisa wala na serikali peke yake. Ziliokolewa na watu waliokubali kuwa jamaa wa wafu wasiokuwa wao.

Ni lazima nieleze mapema kwamba silinganishi matukio yenyewe. Vita vya Vietnam na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ni mambo mawili tofauti kwa chanzo, kwa nia na kwa namna yalivyotendwa. Ninacholinganisha ni kazi iliyobaki mikononi mwa walio hai.

Kibanda uani, madhabahu sebuleni

Katika Rwanda ya kale, mkuu wa familia alikuwa na wajibu wa guterekera, jambo ambalo kwa Kiswahili tunaliita kutambika. Uani kulijengwa kibanda kidogo kiitwacho indaro, na humo mzimu wa baba au babu uliwekewa pombe kidogo, chakula au maziwa. Mzimu uliosahauliwa uliogopwa. Ugonjwa ukiingia nyumbani au ng'ombe wakifa, mpiga ramli aliulizwa ni mzimu gani umekasirika na unataka nini. Kutambika, basi, kulikuwa upendo na tahadhari kwa pamoja: marehemu alipewa haki yake ili atulie.

Vietnam nako familia ndiyo iliyobeba wajibu huo, lakini mahali pake ni ndani ya nyumba. Madhabahu ya wahenga, bàn thờ, huwekwa katika chumba cha heshima kuliko vyote. Juu yake kuna picha za marehemu, chombo cha kuchomekea vijiti vya ubani, matunda, maua na vikombe vya chai au pombe. Kila marehemu ana siku yake, ngày giỗ, ambayo ni tarehe aliyofariki kwa kalenda ya mwezi. Siku hiyo ndugu hukusanyika, hupika vyakula alivyovipenda, humkaribisha kwa ubani, kisha hula pamoja. Wakati wa Tết, yaani mwaka mpya wa kalenda hiyo, wahenga wote hualikwa kurudi nyumbani kusherehekea na wajukuu zao. Desturi hizi hazikubaki vijijini tu. Katika maghorofa ya Hanoi na Ho Chi Minh City leo, hata familia yenye chumba kimoja hutafuta rafu ya kuweka madhabahu.

Tofauti ya mahali ina uzito katika historia. Kibanda kilicho uani kinaonekana na kila apitaye, na akija mtu mwenye amri ya kukibomoa, kinabomolewa kwa siku moja. Madhabahu iliyo sebuleni ni vigumu zaidi kuiondoa, kwa sababu imeingia katika maisha ya kila siku pamoja na mkeka na meza ya chakula.

Kanisa na tambiko

Wavietnam walikutana na swali la kanisa kabla yetu. Mwaka 1742 Papa Benedikto XIV alikataza ibada za wahenga kwa Wakatoliki wa China, na katazo hilo likawabana pia waumini wa Vietnam. Mkristo mpya alitakiwa kuchagua kati ya ubatizo na madhabahu ya babu yake, na majirani wengi walimwona aliyebatizwa kama mtu aliyewatupa wazazi wake. Katazo lilianza kulegezwa na Roma mwaka 1939, na ruhusa kwa Vietnam ilipatikana mwaka 1964. Tangu hapo Mkatoliki wa Vietnam anaweza kuwawashia ubani wazazi wake waliofariki, akieleza kwamba huko ni kuwaheshimu na si kuwaabudu. Lakini Wakatoliki daima walikuwa wachache nchini humo. Wakati wao wakikatazwa, majirani zao waliendelea kuwasha ubani kama kawaida, na desturi haikukosa wenyewe.

Rwanda mambo yalikwenda kinyume. Mapadri Weupe walifika katika ikulu ya Mfalme Yuhi V Musinga mwaka 1900 wakaanzisha misheni ya Save. Mwaka uliofuata walifungua misheni ya Nyundo, kilomita chache kutoka hapa Nengo. Kwao, kubandwa na kutambika vilikuwa kazi ya shetani, na aliyetaka kubatizwa alipaswa kuachana na hirizi na vibanda vya mizimu. Kwa miaka mingi waliobatizwa walikuwa wachache. Utawala wa kikoloni wa Wabelgiji ndio uliogeuza mambo. Mwaka 1925 Gashamura, mkuu wa walinzi wa siri za ibada za kifalme, alihamishiwa Burundi, na sherehe ya mavuno ya umuganura ikafutwa. Mwaka 1931 Musinga, aliyekataa ubatizo, aliondolewa kwenye kiti chake. Mwanawe Mutara III Rudahigwa alibatizwa mwaka 1943, na mwaka 1946 akaiweka Rwanda chini ya Kristo Mfalme. Machifu walipoona upepo unakovuma walibatizwa kwa wingi, na raia wakawafuata machifu. Ndani ya takriban kizazi kimoja vibanda vya indaro vilipungua sana.

Hivyo, katika Vietnam dini mpya ilikuwa ya wachache na iliishi pembeni mwa desturi. Katika Rwanda dini mpya iliingia kupitia mlango wa utawala, na aliyebaki na indaro uani alionekana mshenzi na pengine mpinzani. Hii ndiyo sababu kubwa ya desturi ileile kubaki wazi kule na kujificha huku.

Askofu wa Nyundo aliyeandika mila

Hata hivyo, historia ya Nyundo ina mtu anayetuzuia kuhukumu kwa haraka. Aloys Bigirumwami, aliyezaliwa mwaka 1904, aliwekwa wakfu mwaka 1952 kuwa askofu wa Nyundo, akiwa Mwafrika wa kwanza kupata daraja hilo katika makoloni ya Ubelgiji. Aliliongoza jimbo hadi mwaka 1973. Katika miaka hiyo alikusanya na kuchapisha kwa Kinyarwanda methali, hadithi, nyimbo, majigambo, miiko na taratibu za ibada za Wanyarwanda, pamoja na taratibu za kutambika na kubandwa. Ndiye pia aliyeanzisha gazeti la watoto la Hobe mwaka 1954.

Tutafakari jambo hilo. Misheni iliyofunguliwa mwaka 1901 ikiwataka watu waachane na mizimu, nusu karne baadaye ilikuwa na askofu aliyekuwa akiandika kwa makini maneno yaliyosemwa mbele ya kibanda cha mizimu. Bigirumwami hakuwa akirudi kwenye kubandwa. Alikuwa mtu wa kanisa mpaka mwisho wa maisha yake. Lakini aliona kwamba kizazi kinachojua kilikuwa kinaondoka, na kwamba taifa lisilojua wazee wake walisali vipi haliwezi kuielewa hata sala yake mpya. Vietnam nayo ilikuwa na mtu wa namna hiyo, Phan Kế Bính, ambaye mwaka 1915 aliandika kitabu cha mila za Wavietnam, Việt Nam phong tục, wakati utawala wa Wafaransa ulipokuwa ukibadilisha shule na maandishi. Wote wawili walitumia kalamu kama ghala. Kilichowekwa ghalani kinaweza kutolewa siku ya njaa.

Serikali na wafu wake

Baada ya kanisa ilikuja serikali. Kaskazini mwa Vietnam, tangu miaka ya 1950, chama tawala kilipiga vita kilichokiita ushirikina. Karamu za mazishi zilipunguzwa, nyumba za ibada za vijiji ziligeuzwa maghala, na waganga waliopandwa na pepo walikatazwa. Madhabahu ya nyumbani haikufutwa, lakini serikali iliingia ndani yake kwa njia nyingine. Familia iliyopoteza mwana vitani ilipewa cheti chenye maneno Tổ quốc ghi công, kwa maana ya kwamba nchi inautambua mchango wake, na cheti hicho kikatundikwa ukutani karibu na ubani. Tarehe 27 Julai imekuwa siku ya mashujaa na majeruhi wa vita tangu mwaka 1947.

Tatizo lilikuwa kwa wale ambao serikali haikuwahesabu. Vita vilipokwisha tarehe 30 Aprili 1975, familia nyingi za kati na kusini zilikuwa na wana katika majeshi yote mawili. Mmoja alikuwa na cheti na kaburi katika makaburi ya mashujaa. Picha ya nduguye ilifichwa kabatini. Mama yao alikuwa mmoja. Baada ya mageuzi ya Đổi Mới yaliyotangazwa Desemba 1986, udhibiti ulilegea, na mtaalamu wa anthropolojia Heonik Kwon, katika kitabu chake Ghosts of War in Vietnam cha mwaka 2008, ameeleza jinsi familia zilivyoanza kuweka picha za ndugu wa pande mbili juu ya madhabahu moja. Makaburi ya kijeshi ya Biên Hòa, walikozikwa askari wa kusini, yalikuwa chini ya ulinzi wa jeshi mpaka yalipokabidhiwa kwa utawala wa kiraia mwaka 2006. Jambo hilo familia zilikuwa zimeshalifanya nyumbani kwao.

Ibada zilizoitwa ushirikina nazo zilibadilishiwa jina zikawa urithi. Mwaka 2012 UNESCO iliorodhesha ibada ya Wafalme wa Hùng wa Phú Thọ, na mwaka 2016 ikaorodhesha ibada ya Miungu Mama, ambayo ndani yake mtu hupandwa na roho za mashujaa wa kale, akavaa mavazi yao na kucheza. Kwa Mnyarwanda anayeijua kubandwa, maelezo hayo hayana ugeni. Rwanda nayo imefufua baadhi ya mambo yake: umuganura ilirudishwa mwaka 2011 na husherehekewa Ijumaa ya kwanza ya Agosti, na ngoma ya Intore iliorodheshwa na UNESCO mwaka 2024. Tumerudisha mavuno na ngoma. Tambiko bado tunalizungumzia kwa sauti ya chini.

Wafu wasio na nyumba

Sasa tunafika kwenye kiini cha suala. Wavietnam hutofautisha kufa nyumbani na kufa barabarani, chết đường. Aliyekufa nyumbani katikati ya watoto wake huwa mhenga. Aliyekufa barabarani, kwa bomu au kwa risasi, mbali na kwao na bila maziko, huzurura na njaa. Vita viliacha watu wengi wa namna hiyo. Kwa hesabu za serikali, mabaki ya askari wapatao laki mbili hayajapatikana, na wengine wapatao laki tatu wamezikwa bila majina yao kujulikana. Juu yao kuna raia, kama wale 504 waliouawa Mỹ Lai tarehe 16 Machi 1968, ambako baadhi ya familia zilimalizika zote kwa asubuhi moja.

Nani atamkumbuka mtu ambaye hata wajukuu wake wamekufa? Desturi ya Vietnam ilikuwa na jibu la zamani. Katikati ya mwezi wa saba wa kalenda ya mwezi, watu huwaandalia uji wa mchele, chumvi na nguo za karatasi wafu wasio na jamaa, nao huwekewa vitu hivyo nje ya nyumba. Baada ya vita jibu hilo lilipanuka. Mtu aliyejenga nyumba juu ya uwanja wa mapigano alijua kwamba chini yake kuna mifupa asiyoijua, akaijengea madhabahu ndogo nje, na jioni akaiwashia ubani baada ya kuwawashia wazazi wake.

Jitihada hizo zilikuwa na vikwazo. Katika kijiji cha Hà My, watu 135 waliuawa na askari wa Korea Kusini Februari 1968. Miaka zaidi ya 30 baadaye maveterani wa Korea walichangia fedha za mnara wa kumbukumbu, na wanakijiji wakachora juu ya jiwe masimulizi ya yaliyowapata. Wakubwa hawakuyapenda maneno hayo. Wanakijiji hawakukubali kuyafuta. Waliyafunika kwa picha ya maua ya yungiyungi. Maneno yapo mpaka leo, nyuma ya maua.

Rwanda ilifika kwenye swali hilohilo mwaka 1994. Zaidi ya watu milioni moja waliuawa kwa hesabu ya serikali ya Rwanda, wengi wakitupwa kwenye mashimo, mito na vyoo. Hapa mjini waliuawa na kuzikwa kwa halaiki mahali panapojulikana hadi leo kwa jina la Commune Rouge, na huko Nyundo waliokimbilia kanisani waliuawa kanisani. Kisha kukawa na kazi ya kutafuta. Mahakama za gacaca, zilizofungwa rasmi mwaka 2012, zilisaidia kujua miili ilikotupwa, lakini hazikumaliza: mwaka 2018 mashimo mengine yalipatikana Kabuga, karibu na Kigali, chini ya nyumba walizokuwa wakiishi watu. Kila Aprili, kuanzia tarehe 7, mabaki yaliyopatikana huzikwa kwa heshima, majina husomwa, na watu hukesha.

Kwibuka ni kazi ya taifa, na bila taifa isingewezekana. Lakini kuna sehemu moja ambayo taifa haliwezi kuifanya peke yake. Kinyarwanda kina neno kuzima, ambalo sisi wasemaji wa Kiswahili hatuhitaji kufasiriwa: familia iliyouawa yote, baba, mama na watoto, huitwa familia iliyozima, kama moto. Wapo wanaisimu wanaohusisha mzizi huo na neno mzimu lenyewe. GAERG, chama cha manusura waliomaliza masomo, kimehesabu zaidi ya familia 15,000 za aina hiyo na huzikumbuka kila mwaka kwa majina. Katika mila ya zamani, familia hiyo ingekuwa imekwisha kabisa, kwa maana hakuna aliyebaki wa kusimama mbele ya indaro. Leo wanasimama watu wasio wa ukoo wao.

Na jambo hilo lilianzia kwa wanafunzi. Mwaka 1996 wanafunzi manusura wa Chuo Kikuu cha Taifa, Butare, walianzisha AERG. Katika chama hicho waliunda familia: mwanafunzi mmoja alichaguliwa kuwa baba, mwingine mama, wengine wakawa watoto, ingawa pengine walitofautiana umri kwa miaka miwili tu. Baba huyo alisimamia ada, ugonjwa, mitihani na hata posa. Vyuo vingine na shule zikafuata. Mvietnam anayewasha ubani kwa mfu asiyemjua na mwanafunzi wa Butare anayemwita mwenzake baba wanafanya kitu kimoja. Wanajenga undugu mahali ambapo damu imekatika, ili aliye hai awe na nyumba na marehemu awe na wa kumtaja.

Hitimisho

Kutokana na ulinganisho huu tunapata mambo mawili. Kwanza, desturi ya kukumbuka wafu huishi kulingana na nani anaimiliki. Vietnam ilibaki mikononi mwa kila nyumba, ndiyo maana ilivuka katazo la kanisa na kampeni za chama. Bugoyi ilinyang'anywa nyumba mapema, na ilipohitajika tena baada ya 1994 ilibidi ijengwe upya kwa misa, kwa ikiriyo, kwa Kwibuka, na kwa hitima na arobaini za ndugu zetu Waislamu wa mjini. Pili, mipaka ya ukoo inaweza kuhamishwa. Wanaosema mila ni kitu kisichobadilika hawajaitazama mila yenyewe.

Kwa sisi tunaosoma lugha na historia hapa Rubavu, hili si suala la nadharia tu. Mtu mzima aliyeshuhudia mwaka 1994 akiwa na miaka 30 sasa ni mzee, na mtu aliyeiona indaro ikitumika uani kwa babu yake ni mzee zaidi. Bigirumwami alianza kuandika wakati wazee wake wakiwa hai. Wazee wetu wapo Nyundo, Mbugangari na Rugerero, kwa safari ya pikipiki. Wana majina ya ndugu wasiozikwa, majina ya mashamba yaliyobadilishwa, na maneno yaliyosemwa mtu anapokufa. Kila mwanafunzi wa darasa letu akiandika majina ya marehemu wa familia moja, yake na ya jirani iliyozima, tutakuwa na kitabu kabla ya kuhitimu.